Mjusi wa Plastiki Kwenye Mikoko: Maswali Yenu ya Uvuvi wa Ndoana

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinazungumzia kitu kimoja: chambo laini cha plastiki chenye umbo la mjusi, kile ambacho ndugu walioko nje hukituma kwenye mizigo. Tumezijibu pamoja. Uzito wa risasi, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, tumeuandika kwa gramu, lakini urefu wa chambo tumeuacha kwa inchi kwa kuwa pakiti zenyewe huandikwa hivyo.

Mhariri, shemeji yangu yuko Marekani na amenitumia pakiti tatu za mijusi ya plastiki, miguu minne, mkia umejikunja. Wavuvi wa Feri wameiona, wamecheka sana. Ni chambo cha samaki gani, na mimi huku nitapata nini nacho?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Wacheke, ila wasikutie uvivu.

Chambo hicho kilibuniwa kwa ajili ya besi wa mdomo mpana, samaki wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini. Anayeigwa hata si mjusi. Ni salamanda, mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia na ngozi laini isiyo na magamba, ambaye huku kwetu kusini mwa Sahara hayupo. Wamarekani hukitumia zaidi besi wanapotaga, maji yakiwa kwenye nyuzi 16 hadi 20 hivi za Selsiasi. Dume husafisha kiduara mchangani kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga, kisha dume hubaki peke yake kulinda mayai na vifaranga. Chochote kinachotambaa kuingia kwenye kiota hukichukulia kuwa mwizi wa mayai. Mara nyingi hakili kwa njaa, bali hukibeba mdomoni akakitupe nje. Kwa hiyo mvuvi anataka chambo kinachoweza kukaa palepale kikitikisa miguu bila kusogea, na umbo lote la mjusi huyo limetokana na hitaji hilo.

Bahari ya Mtwara haina besi. Anayefanana naye kwa tabia ni chewa: mdomo mkubwa, anavizia kwenye pango au kando ya shina, anafyonza windo kwa mkupuo mmoja na kurudi shimoni papo hapo. Ukiacha chewa, wanaokishika chambo laini kwenye maji yetu ni kelea wa mikokoni, kolekole wadogo na mzia.

Shida ni kwamba mjusi wa miguu minne hana mwenzake baharini, kwa hiyo mpunguze kwa mkasi. Ukikata miguu ya nyuma tu na kuacha ya mbele, unabaki na umbo linalokaribia kamba au ngisi mdogo. Huyo mtambaze chini, kwa chewa na kelea. Ukikata miguu yote minne, unabaki na mwili mrefu wenye mkia unaopepea, na huyo ndiye wa kuvuta katikati ya maji kwa kolekole na mzia. Mjusi mzima muweke kwa maji ya tope na kwa usiku, ambapo samaki haoni vizuri na mtikisiko wa miguu humsaidia kukipata chambo.

Anzia midomo ya vijito vya mikoko: Mikindani, Sudi, na kwa walioko Lindi, pale Mto Lukuledi unapoingia kwenye ghuba. Tafuta mahali ambapo maji ya kina kifupi yanaangukia kwenye mfereji. Kwenye miamba, usipoteze muda juu ya eneo lililowahi kupigwa baruti. Matumbawe yakishakuwa kifusi hayana mapango, na pasipo na pango hakuna chewa wa maana.

Nimefunga mjusi kwenye ndoana kama ninavyofunga dagaa, lakini akivutwa anazunguka kama feni na mshipi wote unasokoteka. Kosa liko wapi?
*Mvuvi wa jioni, Lindi mjini*

Liko pale unapoichoma ndoana mwilini mwa mjusi mara ya pili. Tutaeleza ufungaji wote, maana barua nyingine kadhaa zinauliza hilohilo. Mtindo wenyewe huitwa wa Texas, na sifa yake ni kwamba ncha ya ndoana inafichwa ndani ya chambo ili isinase kwenye mizizi.

Tumia risasi yenye umbo la koni iliyotobolewa katikati. Pitisha mshipi ndani yake, upande mwembamba ukitazama kwako na kitako kikitazama ndoana. Kwa mjusi wa inchi 6, ndoana iwe namba 3/0 au 4/0, ile yenye shingo iliyovunjwa pembe mbili karibu na tundu la kufungia na yenye tumbo pana. Kwa mjusi wa inchi 4, namba 1/0 au 2/0 inatosha.

Chomeka ncha katikati ya pua ya mjusi, iingie milimita 6 hadi 8, kisha itokeze kidevuni. Vuta ndoana yote ipite mpaka ile shingo iliyovunjwa izame puani na tundu lifichike. Izungushe nusu duara ili ncha itazame tumbo la mjusi.

Hapa sasa. Usichome kwa kukisia. Muache mjusi aning'inie wima kando ya ndoana, uone tumbo la ndoana linafika wapi kwenye mwili wake, uweke alama kwa ukucha. Choma palepale kwenye alama, katikati kabisa, kutoka tumboni kutokea mgongoni. Ukichoma mbele ya alama, karibu na kichwa, mwili unavutika na kupinda. Ukichoma nyuma yake, kuelekea mkia, anapata kibiongo. Ukitoboa kando badala ya katikati, anakaa upande. Mjusi aliyepinda kwa vyovyote vile huzunguka, naye ndiye anayekusokotea mshipi. Mwisho, irudishe ncha chini ya ngozi ya mgongo kwa milimita 1 au 2 tu, ili isiguse mizizi lakini itokeze kirahisi samaki akibana.

Kabla ya kurusha, mvute mita moja kwenye maji ya kina kifupi ukimtazama. Akienda sawa, umemaliza. Akiyumba, mtoe na umfunge upya, na ukiona tundu limepanuka tumia mjusi mwingine.

Mshipi uliokwisha kusokoteka hunyooshwa hivi: ondoa chambo, risasi na ndoana, uachie mita 50 nyuma ya chombo kinachotembea kwa dakika chache, kisha uukunje ukiwa umekaza.

Kwenye mikoko, ifunge risasi isitembee. Sukuma kijiti cha meno kwenye tundu lake kutoka upande wa kitako, ukivunje, kipande kibaki ndani. Bila hivyo risasi inashukia upande mmoja wa mzizi na mjusi upande wa pili, na hapo umenasa. Lakini kwenye mchanga mtupu iache huru, samaki akichukua chambo asihisi uzito.

Kuna mtindo mwingine, wa Carolina, unaofaa kwenye mchanga wenye nyasi bahari. Risasi ya gramu 14 hadi 28 inatangulia, inafuata shanga ya kioo, kisha kiungo kinachozunguka, halafu nailoni ya sentimita 60 hadi 90 yenye ndoana na mjusi. Risasi inaburuta chini, mjusi anaelea nyuma yake juu ya majani. Maji ya chumvi humwinua kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo mtindo huu unafanya kazi vizuri zaidi baharini kuliko kwao ulikozaliwa. Usiutumie kwenye mizizi.

Nilihifadhi mijusi kwenye kiboksi kigumu cha plastiki pamoja na chambo vingine. Baada ya wiki mbili chini ya paa la bati nimekuta uji. Nimeuziwa vitu vibovu?
*Msomaji, Mikindani*

Hapana. Plastiki hiyo ni PVC iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huyeyusha baadhi ya plastiki ngumu, hasa ile angavu inayovunjika kwa mlio. Joto la bati huharakisha. Mijusi ikae kwenye pakiti yake yenyewe, rangi moja moja, kwa sababu rangi huhama na mweupe aliyelazwa na mweusi hatarudi kuwa mweupe. Kuna pia chambo laini cha aina inayonyumbuka kama mpira, kinachovutwa hadi mara kadhaa ya urefu wake. Hicho usikiguseshe kabisa na PVC, maana vyote viwili huyeyuka.

Mijusi iliyopinda mkia ndani ya pakiti hunyooshwa kwa kutumbukizwa nusu dakika kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, kisha kulazwa sawasawa kwenye maji baridi.

Mhariri, mimi ni mtu mzima, nimevua mshipi wa mkono maisha yangu yote na fimbo za kizungu siziwezi. Mjukuu wangu ananiambia huwezi kuvua kwa mjusi bila fimbo na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ni kweli?
*Mzee wa Msanga Mkuu*

Shikamoo mzee wetu. Mjukuu ana nusu ya ukweli.

Mtindo wa Texas tulioueleza juu unahitaji mvuto mkali wa ghafla, kwa sababu ncha lazima itoboe plastiki kwanza ndipo imtoboe samaki. Fimbo ngumu yenye uzi wa kusuka huweza. Nailoni ya mkono ya milimita 0.60 huvutika, na ukiwa na mita 20 chini ya chombo, mvuto wako unaishia kwenye nailoni kabla haujafika kwenye ndoana. Samaki anabana, anaonja, anatema.

Kwa hiyo kwa mshipi wa mkono iache ncha wazi. Tumia ndoana iliyomiminiwa risasi kichwani, gramu 20 hadi 40 kulingana na mkondo, yenye shina la kutosha kufika theluthi ya urefu wa mjusi. Chomeka puani, mfuate katikati ya mwili, itokeze mgongoni, ncha iwe nje kabisa. Kama huna za kichwa cha risasi, ndoana ya kawaida ya shina refu na chubwi iliyobanwa kwa kijiti juu ya tundu inafanya kazi ileile. Ndoana za besi zinazokuja ndani ya pakiti zisikudanganye. Nyingi ni nyembamba, zimetengenezwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chewa mkubwa huzinyoosha, na kutu huzila ndani ya siku chache. Tumia zako za kawaida.

Namna ya kuvua si ngeni kwako. Shusha mpaka chini, nyanyua nusu mita, kisha teremsha polepole mshipi ukiwa umekaza kidogo. Mara nyingi hupigwa wakati wa kushuka, na dalili yake ni mshipi kusimama kabla chubwi haijafika chini. Ukihisi hivyo vuta mkono mzima mara moja, kisha kunja mikono mitatu minne haraka bila kupumzika. Chewa akikuwahi akaingia pangoni usivutane naye, mshipi utakatwa na chaza. Legeza kabisa, funga kwenye ubao wa chombo, subiri dakika chache. Mara nyingi hutoka mwenyewe akidhani hatari imepita.

Mahali palipo na mizizi tupu, hapo mjukuu ameshinda. Ncha ya wazi itanasa kila mara.

Kila nikivuta narudi na mjusi aliyekatwa mkia. Sijaona samaki hata mmoja. Ni nani huyu?
*Dada mvuvi, Mchinga*

Angalia alama. Ikiwa ukingo umekatwa safi kwa nusu duara, huyo ni bunju. Meno yake ni kama mdomo wa kasuku na plastiki laini haimshindi. Ikiwa mkia umechokonolewa vipande vidogo vidogo, ni vikande. Ikiwa nusu nzima ya mjusi imekwenda kwa pigo moja na mkato umekaa mshazari, hapo pana mzia, na hiyo ni habari njema: weka sentimita 20 za waya mwembamba mbele ya ndoana, kata miguu yote ya mjusi, vuta kwa kasi zaidi.

Kwa bunju na vikande hakuna ujanja wa chambo. Ongeza mwendo, au hama mita 30. Wakikung'ang'ania, rudi kwenye ngisi au acha eneo hilo kwa siku hiyo. Ukimpata bunju kwenye ndoana, mrudishe. Sumu yake iko hasa kwenye ini, mayai na ngozi, haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa, na inaua.

Mijusi iliyokatika usiitupe majini. Kasa humeza vitu hivyo, na samaki vilevile. Wala usiichome jikoni, kwa kuwa moshi wa PVC una asidi inayoharibu mapafu. Iunge: pasha moto ncha ya kisu kizee, gusisha sehemu zote mbili mpaka zianze kung'aa, zikutanishe na ushikilie nusu dakika. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Mjusi mmoja huungika mara kadhaa, akabaki na makovu tu, na samaki hajali makovu.

Chambo cha plastiki kina faida gani kuliko ngisi? Ngisi sokoni yupo.
*Msomaji, Chuno, Mtwara*

Kwa changu hakina faida, tuseme wazi. Changu hutafuta chakula kwa harufu akipekua mchanga, na ngisi au kamba atamshinda mjusi kila siku. Anayekwambia vinginevyo anauza mijusi.

Faida iko kwingine. Chambo halisi hukaa mahali kikisubiri, ila plastiki unaitembeza: kwa saa moja unaweza kupitia ukingo wote wa kijito na kujua samaki wako wapi. Haiozi, haihitaji barafu, na mjusi mmoja akifungwa vizuri huvua samaki kadhaa. Wakati wa kusi, upepo unapozuia vyombo na ngisi akaadimika, bado unaweza kuvua kwenye ghuba zilizojikinga.

Unaweza pia kuvichanganya. Kata utepe wa ngisi wa sentimita 3 au 4, mwembamba, utundike kwenye tumbo la ndoana nyuma ya mjusi. Samaki akibana hupata ladha, haachii haraka, nawe unapata sekunde mbili zaidi za kuvuta. Utepe usiwe mrefu, la sivyo mjusi ataanza kuzunguka na utakuwa umerudi kwenye tatizo la msomaji wetu wa Lindi.

Tutumie risasi ya gramu ngapi? Kila mtu ananiambia yake.
*Kijana wa Naumbu*

Kila mtu anasema kweli, kwa siku aliyovua yeye. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo kwenye mdomo wa kijito ni mkali. Hapo gramu 21 hadi 28 ndizo zitakazogusa chini. Wakati wa maji mafu, gramu 7 hadi 10 zinatosha kwenye kina cha mita 2 hadi 4. Kanuni ni moja: tumia risasi nyepesi kuliko zote ambayo bado unahisi ikigonga chini. Nzito mno hujichimbia kwenye matope na kunasa, nyepesi mno huelea juu ya vichwa vya samaki.

Wakati bora ni maji yanapoanza kupwa, saa mbili za mwanzo. Dagaa na kamba waliokuwa ndani ya mikoko hulazimika kutoka kupitia mdomo mmoja, na chewa na kelea wanajua hilo kuliko sisi. Rusha juu ya mkondo, pembeni, uache maji yambebe mjusi mpaka kwenye kona ya mfereji huku ukigusagusa tu. Usimvute. Kazi ya kuvuta inafanywa na maji.

Ukivua kwenye bamvua, kumbuka njia ya kurudi. Fungu la mchanga ulilosimama juu yake litafunikwa haraka maji yakigeuka. Na utembeapo kwenye maji ya magotini buruza miguu badala ya kuinyanyua, taa waliojizika mchangani wakusikie na kuondoka.

Kuhusu rangi, kwa maji angavu ya nje chagua kijani-kahawia au kitu kinachopitisha mwanga. Kwa maji ya tope ya Lukuledi wakati wa masika, na kwa usiku, chagua mweusi au zambarau iliyokolea. Hizo rangi nyingine ishirini za dukani zimewekwa kumvua mnunuzi.

Kwa nini tusilete vifaranga vya besi tukawapanda Ziwa Kitere? Tungekuwa na utalii wa uvuvi kama wenzetu.
*Mwalimu, Mtwara Vijijini*

Mwalimu, kwa heshima zote, hapana. Kuingiza samaki wa kigeni nchini bila kibali cha serikali ni kosa, lakini hata kibali kingepatikana, hesabu ni mbaya. Besi hula chochote kinachoingia mdomoni, na wa kwanza wangekuwa vifaranga wa perege ambao vijiji vinavyolizunguka ziwa vinawategemea. Afrika Kusini walimwingiza mwaka 1928 kwa ajili ya mchezo wa uvuvi. Katika mito ya Rasi ya Magharibi samaki wadogo wa asili wametoweka kwenye sehemu nyingi alizofika, na kumwondoa kumegharimu kazi kubwa kwenye vijito vichache tu. Na sisi tuna mfano wa nyumbani, sangara wa Ziwa Victoria, aliyepandwa tangu miaka ya 1950. Aliingiza fedha, ndiyo, lakini aina nyingi za furu zilipotea. Ziwa Victoria lilikuwa na ukubwa wa kubeba biashara ya sangara. Kitere ni dogo.

Mjusi unaweza kumtumia kwa kambare waliopo. Mchukue mweusi, mpake majimaji ya utumbo wa samaki robo saa kabla, mtambaze polepole mno kwenye matope kuanzia jua linapozama. Kambare huongozwa na harufu na sharubu, kwa hiyo bila kumpaka unapoteza usiku wako. Tupa chambo kutoka mahali palipoinuka. Maji ya Bonde la Ruvuma yana mamba na viboko, na ukingoni usiku si mahali pa kusimama.

Nimepata kazi Naivasha, Kenya. Nasikia besi wapo huko. Nibebe mijusi?
*Kijana, Lindi*

Beba. Besi walipelekwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 wakitokea Marekani. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 1,880 na zaidi, karibu na ikweta, kwa hiyo usifuate kalenda ya Kimarekani ya kungoja Aprili. Fuata maficho.

Chukua fimbo ngumu kiasi ya mita 2, nailoni ya kubeba kilo 6 hadi 8, mjusi wa inchi 6 kwa mtindo wa Texas, na risasi nyepesi ya gramu 5 hadi 7. Huko miguu yote minne ibaki. Rusha sentimita chache tu kutoka kwenye ukingo wa mafunjo na uache azame mshipi ukiwa umelegea. Nusu ya mapigo hutokea hapo, kabla hujafanya lolote, na utaona mshipi ukisogea pembeni bila kuhisi kitu. Kama hakuna, nyanyua ncha ya fimbo kutoka usawa wa namba 9 hadi namba 11 kwenye uso wa saa ya ukutani, teremsha, kunja uliolegea, rudia. Ukihisi kugongwa mara mbili, tak-tak, usivute bado. Shusha fimbo, kunja mshipi mpaka ukaze kidogo, ndipo upige juu kwa nguvu. Kupiga wakati mshipi umelegea ndilo kosa linalowapotezea wengi samaki wao wa kwanza.

Akiruka juu ya maji, shusha fimbo pembeni isiwe wima, mshipi usilegee. Mshike kwa mdomo wa chini, meno yake ni ya kukwaruza tu. Usitarajie jitu. Rekodi ya dunia ya kilo 10 na kidogo iliwekwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na ilipofikiwa tena ilikuwa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wa kilo moja Naivasha ni siku njema. Kata leseni ya Kenya kwanza, na uvue ukiwa kwenye boti na mwenyeji, viboko wa pale wana sifa mbaya.

Naweza kuvua kwa mjusi Msimbati? Wengine wanasema kule ni marufuku.
*Msomaji, Ziwani, Mtwara*

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ndani ya hifadhi kuna maeneo yenye masharti tofauti, na aina ya chambo haibadilishi chochote: mjusi wa plastiki ni ndoana kama ndoana nyingine, na anahitaji leseni na kibali kama nyingine. Pita ofisi ya hifadhi kabla ya kushusha mshipi, uoneshwe kwenye ramani eneo unalotaka. Nje ya hifadhi, waone viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukwe husika, na ofisa uvuvi wa halmashauri. Nenda na mjusi mwenyewe mkononi, kwa kuwa huenda ofisa hajawahi kumuona, na maelezo ya mdomo yatawachukua nusu saa.